Yohana wa Kaskazini na Madai Yanayomwandama

Fungua kijitabu chochote cha maana za majina, au kaa barazani na Waswahili waliowahi kuishi Uswidi, Norwei au Denmark, utasikia mengi kuhusu Yohana wa nchi za Nordiki. Mengine yana chembe ya ukweli, mengine hayana hata hiyo. Siwalaumu wasemaji, maana jina lenyewe linatatiza. Mbatizaji yule wa Injili, ambaye Waislamu humwita Nabii Yahya, na Mtume wa jina hilohilo, wameacha huko kaskazini kizazi cha majina ambayo mgeni hawezi kuyatambua kuwa ndugu: Johannes, Johan, Jon, Jo, Jón, Jens, Jöns, Jan, Hans, Hannes, Jógvan, Jóannes, Juhani, Juho, Juha, Jukka, Jussi, Hannu, Janne. Na bado sijamaliza. Jambo moja la kushika kabla hatujaendelea: herufi J katika lugha hizo zote husomwa kama y yetu. Johan ni "Yohan", Jens ni "Yens". Kwa sikio, jamaa hao wako karibu na Yohana wetu kuliko wanavyoonekana karatasini.

Nayajibu madai moja baada ya jingine. Sitayapa nafasi sawa, kwa kuwa hayana uzito sawa.

"Yote ni jina moja, tofauti ni tahajia tu."

Kuhusu asili, hakuna ubishi. Ni Yohanan wa Kiebrania, yaani Mungu ametenda kwa neema, aliyepitia Kigiriki hadi Kilatini akawa Iohannes. Ubishi upo kwenye hilo "tu". Tofauti ya tahajia ni kama ile ya Jon na John huko Norwei, ambapo h huandikwa na haitamkwi. Jens na Hans hawana uhusiano wa namna hiyo. Ni majina mawili kamili, kila moja na watu wake, na Mdenmark aliyebatizwa Jens ukimwita Hans atageuka kutazama unamwita nani nyuma yake.

Ushahidi mzuri ni mwandishi Johannes V. Jensen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1944. Alizaliwa mwaka 1873 katika kijiji cha Farsø, Jutland, baba yake akiwa daktari wa mifugo aliyeitwa Hans Jensen. Basi tuna Johannes, mwana wa Hans, na jina lao la ukoo linatokana na Jens. Yohana katajwa mara tatu katika nyumba moja na hakuna Mdenmark anayesikia marudio. Iceland wana mfano wao: duka la Bónus, linalojulikana kisiwa kizima kwa nembo yake ya nguruwe, lilianzishwa mwaka 1989 na Jóhannes Jónsson pamoja na mwanawe Jón Ásgeir Jóhannesson. Kwa hesabu ya vijitabu vyetu hao ni Yohana mwana wa Yohana pamoja na Yohana mwana wa Yohana. Kwa hesabu ya Waiceland, Jóhannes ni mmoja na Jón ni mwingine.

Hata wafalme hawakusalimika. Aliyetawala Denmark tangu 1481 hadi 1513, na Norwei pia, huitwa Mfalme Hans. Mfalme huyohuyo alishika Uswidi kwa miaka michache, 1497 hadi 1501, na katika orodha ya wafalme wa Waswidi ameandikwa Johan wa Pili. Mwandishi asiyejua hilo anaweza kuwapiganisha Hans na Johan kama maadui wawili, kumbe ni mtu mmoja mwenye mataji matatu.

Mgawanyiko huu una sababu zake, na hapa ndipo panaponoga. Johannes ni jina refu kwa ndimi zilizozoea majina mafupi kama Olav na Knut. Walioweka mkazo mwanzoni walibaki na kichwa cha jina: Jon, Jens, Jöns. Walioweka mkazo katikati walibaki na mkia: Hannes, kisha Hans. Huu mkia ulikuja hasa kutoka kusini, pamoja na wafanyabiashara Wajerumani wa Shirikisho la Hansa waliokuwa na maghala Bergen na mitaa mizima Visby. (Hansa na Hans hayahusiani, kufanana kwao ni bahati, na dai la kwamba jina limetoka kwenye shirikisho hilo nalo litupwe.) Jens akawa mwenyeji wa Denmark zaidi ya kwingine. Jöns akabaki upande wa Uswidi, na huyo ndiye tunayemkuta kwa mkemia Jöns Jacob Berzelius, aliyetuachia utaratibu wa kuandika elementi kwa herufi, kama O kwa oksijeni na Fe kwa chuma.

Lakini bingwa wa kugeuza jina ni Visiwa vya Faroe. Kifaroe hakipendi vokali mbili zikutane katikati ya neno baada ya sauti za namna ya ó. Huzitenganisha kwa kupenyeza sauti ngumu. Kwa hiyo Jóan akawa Jógvan, na hutamkwa karibu na "Yekvan". Hakuna aliyekaa chini akaamua hivyo. Kanuni iyo hiyo imepita kwenye maneno ya kila siku ya wavuvi na wafugaji, ya bahari na ya ng'ombe, na jina la Mbatizaji likaenda na mkondo. Jógvan Sundstein aliongoza serikali ya visiwa hivyo tangu 1989 hadi 1991. Jóannes Eidesgaard akaiongoza tangu 2004 hadi 2008. Viongozi wawili, maumbo mawili ya jina moja, na hakuna anayewachanganya.

"Jina liliingia na Biblia, mkononi mwa Walutheri."

Hili husemwa na watu wanaozijua nchi za Nordiki kupitia kanisa, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikutana na Waswidi, Wanorwe, Wadenmark na Wafini kama wamisionari wa Kilutheri. Bukoba ilipata askofu wake wa kwanza wa Kilutheri kutoka Uswidi, Bengt Sundkler, mwaka 1961. Mtu aliyepokea jina na Biblia kwa mkono mmoja hudhani kila mahali mambo yalikwenda hivyo.

Tazama tarehe. Agano Jipya la Kiswidi lilichapwa 1526. La Kiiceland, kazi ya Oddur Gottskálksson, lilitoka 1540. La Kifini, la Mikael Agricola, 1548. Biblia nzima ya Kidenmark, 1550. Sasa weka kando ya tarehe hizo mtu mmoja: Jón Ögmundsson, aliyezaliwa Iceland mwaka 1052, akawa askofu wa kwanza wa Hólar mwaka 1106, na Bunge la Waiceland likamtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1200. Alikuwa anaitwa Jón karibu miaka mia tano kabla ya Mwiceland yeyote kushika Injili iliyochapwa kwa lugha yake.

Huyu Jón anastahili maneno mawili zaidi. Mapokeo ya Iceland yanasema ndiye aliyefuta majina ya miungu ya kale, Thor na Odin, katika siku za juma. Wadenmark, Wanorwe na Waswidi bado wana siku ya Thor na siku ya Odin, lakini Mwiceland huhesabu: Jumanne kwake ni siku ya tatu, Alhamisi ni siku ya tano. Mswahili anayesema Jumatatu na Jumanne ataielewa akili hiyo bila kufundishwa.

Jina basi liliingia kwa watakatifu, kwa kalenda ya kanisa la Kikatoliki, na kwa midomo ya watu wasiojua kusoma. Ndiyo maana umbo la kitabuni na umbo la mtaani vilitengana mapema. Biblia za Iceland zinasema Jóhannes. Watu walikuwa Jón. Biblia ya Denmark ikasema Johannes. Shambani alikuwa Jens. Kama jina lingetoka kwenye kurasa, wangeitwa kama kurasa zinavyosema.

Na kuna ushahidi wa damu. Askofu wa mwisho wa Kikatoliki nchini Iceland, aliyepinga Ulutheri wa mfalme wa Denmark mpaka akakatwa kichwa pamoja na wanawe wawili huko Skálholt tarehe 7 Novemba 1550, aliitwa Jón Arason. Walutheri hawakulileta jina la Jón, walimkuta nalo.

Walichofanya ni kuliacha liendelee kuzaana. Sensa ya Iceland ya mwaka 1703, iliyowaandika watu wote kwa majina, watu 50,358, ilikuta zaidi ya mwanamume mmoja katika kila watano akiitwa Jón. Katika nchi yenye Jón wengi kiasi hicho, lazima watu watafute namna ya kuwatofautisha, na Waiceland wana msemo wao wa tangu zamani kwamba Jón si sawa na séra Jón, yaani Jón wa kawaida si sawa na Mchungaji Jón. Husemwa pale mkubwa anaposamehewa kosa ambalo mdogo angefungwa kwalo.

"Kila jina la kiume linaloanza kwa J ni Yohana."

Hapana. Hili ni dai jepesi na jibu lake ni jepesi.

Jonas ni Yona, nabii wa samaki, ambaye Waislamu humwita Yunus. Jonatan ni Yonathani, rafiki wa Daudi. Joakim ni Yoakimu. Jørgen, Jörgen na Jörn wote ni wa Mtakatifu George, na J yao ni mabaki ya G ya Kigiriki iliyolainika. Josef najua hamdanganyi mtu. Ivar, ambaye baadhi ya watu humfananisha na Ivan wa Kirusi, hata si wa Biblia. Ni jina la Kinordiki cha kale, la zamani kuliko kanisa lolote huko. Mwimbaji wa opera wa Uswidi Jussi Björling alibatizwa Johan Jonatan mwaka 1911, na wazazi wake hawakuwa wakimrudia Yohana mara mbili: walimpa Yohana na Yonathani. Kuhusu hilo Jussi, tunafika sasa hivi.

"Wafini si Waskandinavia, kwa hiyo majina yao hayamo kwenye hesabu hii."

Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Kifini si ndugu wa Kiswidi wala Kidenmark. Ni ndugu wa Kiestonia, na kwa mbali wa Kihungaria. Nusu ya pili haifuati. Ukifuata mantiki hiyo, Mswahili hangeweza kuitwa Yohana kwa kuwa Kiswahili hakihusiani na Kiebrania. Majina hayaoni aibu kuvuka mpaka wa lugha.

Kwa kweli hakuna mahali pa Nordiki ambapo Yohana ameongezeka kama Ufini. Nchi hiyo ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi mpaka 1809, na kwa karne nyingi kasisi aliandika vitabu vya ubatizo kwa Kiswidi au Kilatini. Mtoto alikuwa Johan kitabuni. Nyumbani, mama asiyejua Kiswidi alimwita Juho. Kifini hupenda neno liishe kwa vokali, kama sisi tulivyoipa vokali shati na benki, na kwa hiyo Johan akawa Juhana na Juhani. Hans na Hannes wakawa Hannu. Kisha yakaja majina ya mapenzi: Jukka, kwa mtindo uleule unaomfanya Petro kuwa Pekka, na Jussi, na Janne. Kila moja limekua likawa jina la kujitegemea, na leo mtu husajiliwa Jukka bila kuwahi kuwa Johannes popote. Ukihesabu majina yote ambayo wanaume wa Ufini wamepewa, la kwanza na la pili na la tatu, Juhani ndilo linaloongoza.

Hapo katikati, kati ya jina la kitabuni na la nyumbani, ndipo historia ya Ufini ilipopita. Mwandishi Juhani Aho, aliyezaliwa 1861, alibatizwa Johannes Brofeldt. Alipoamua kuandika kwa Kifini alijibadilisha jina lote, la kwanza na la mwisho. Na mwaka 1911 alitoa riwaya aliyoiita Juha. Juho Kusti Paasikivi, rais wa Ufini tangu 1946 hadi 1956, alizaliwa Johan Gustaf Hellsten. Tarehe 12 Mei 1906 makumi ya maelfu ya Wafini waliacha majina ya ukoo ya Kiswidi wakachukua ya Kifini kwa siku moja. Siku hiyo ilichaguliwa kumuenzi mwanafalsafa aliyepigania lugha ya Kifini, kwa kuwa ndiyo iliyotimia miaka mia tangu azaliwe. Jina lake? Johan Vilhelm Snellman. Alizaliwa Stockholm.

Na wapo waliokwenda njia nyingine kabisa. Mtunzi wa muziki ambaye dunia inamjua kama Jean Sibelius alibatizwa Johan mwaka 1865, nyumbani wakamwita Janne. Hilo Jean la Kifaransa alilichukua kutoka kwa ami yake, nahodha wa meli aliyekwisha kufariki, ambaye naye aliitwa Johan lakini kwenye kadi zake za kujitambulisha alikuwa ameandika Jean. Mtu mmoja, maumbo matatu ya jina moja: la kanisani, la jikoni, la ukumbini. Anayesema Ufini haihusiki na habari ya Yohana wa Nordiki ameikosa sura iliyonona kuliko zote.

Dai lina ndugu yake wa kinyume, lisemalo kwamba Jukka na Jussi ni majina ya asili ya Kifini, ya kabla ya Ukristo. Hili nalo limekwisha jibiwa hapo juu. Majina ya asili ya Kifini yapo, kama Väinö na Ilmari, lakini Jussi si mmoja wao. Lilivuka hata bahari likarudi Uswidi, ndipo likamkuta Björling, ambaye bibi yake alikuwa na asili ya Ufini.

Wasami nao, ambao nchi yao imegawanywa na mipaka ya Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, wana umbo lao, Jovnna, na mtu anayetaka kulisikia likiitwa amtafute mwandishi Jovnna-Ánde Vest.

"Sikukuu ya Juni ni ya kipagani, jina la Yohana limebandikwa tu."

Karibu na tarehe 23 na 24 Juni, kaskazini kote, watu hukesha nje kwenye mwanga usiozima. Wadenmark huuita usiku huo Sankthans, Wanorwe husema Sankthans au Jonsok, Waiceland Jónsmessa, yaani misa ya Jón, Wafini Juhannus. Jonsok ni neno la kale lenye maana ya mkesha wa Jón. Waswidi peke yao ndio walioliacha jina la mtakatifu. Wao husema katikati ya kiangazi, basi.

Wanaodai kwamba Yohana ni stika juu ya sikukuu ya jua wana hoja, na sitaidharau. Nchi ambazo majira ya baridi hufunika jua kwa miezi hazihitaji kanisa kuzifundisha kushangilia kiangazi. Mioto huenda ni ya kale. Lakini hoja inavunjika kwenye tarehe.

Kwanza, tarehe 24 Juni haikutoka kaskazini. Imetoka kwenye sura ya kwanza ya Injili ya Luka, ambapo malaika anamwambia Mariamu kwamba Elisabeti yuko katika mwezi wa sita. Ukiweka Krismasi Desemba, Mbatizaji lazima azaliwe Juni. Wakristo wa Afrika Kaskazini, enzi za Augustino, waliiadhimisha siku hiyo karne kadhaa kabla kanisa halijasimama Norwei.

Pili, na hili husahauliwa mara zote, kalenda ya zamani ya Juliasi ilikuwa inateleza. Kufikia mwaka 1500 siku ndefu kuliko zote ilikuwa inaangukia karibu tarehe 12 Juni. Kama watu wa kaskazini walikuwa wakisherehekea jua, wangelifuata jua. Hawakulifuata. Walibaki na tarehe 24, siku kumi na mbili nyuma ya jua, kwa sababu siku ile ilikuwa ya Jón. Denmark na Norwei zilibadili kalenda mwaka 1700, Uswidi pamoja na Ufini mwaka 1753, na hapo ndipo jua na mtakatifu walipokaribiana tena.

Baadaye serikali ndizo zilizomwondoa. Denmark iliifuta siku ya Sankthans katika orodha ya sikukuu za mapumziko mwaka 1770, mkesha ukabaki. Uswidi mwaka 1953 na Ufini mwaka 1955 ziliihamishia kwenye Jumamosi iliyo kati ya tarehe 20 na 26 Juni ili watu wapate wikendi ndefu. Kwa hiyo Juhannus ya leo huenda isiangukie siku ya Johannes kabisa. Ila ukitazama kalenda ya majina ya Ufini, tarehe 24 Juni bado imeandikwa Johannes, Juhani, Juha, Jukka na wenzao, na siku hiyo hupongezwa kwa pamoja.

"Jensen, Hansen na Johansson ni koo kubwa, kama kabila."

Si koo. Watu wawili wanaoitwa Jensen hawana sababu ya kuulizana babu. Zamani Jens mwana wa Peder aliitwa Jens Pedersen. Mwanawe Hans akawa Hans Jensen, na binti yake Jensdatter. Jina la mwisho lilikuwa linazunguka kizazi hadi kizazi, namna ileile ambayo Yohana Petro wa Tanzania humpata mtoto akamwita Petro Yohana. Kisha serikali zikataka daftari lisiloyumba. Amri ya Denmark ya mwaka 1828 ilitaka familia ishike jina moja, na gurudumu likasimama pale lilipokuwa. Aliyekuwa na baba Jens siku hiyo akabaki Jensen, na wajukuu wote wakawa Jensen hata kama baba zao ni Niels. Norwei ilimaliza kazi hiyo kwa sheria ya mwaka 1923.

Matokeo yake yanachekesha. Majina matatu makubwa ya ukoo Denmark ni Nielsen, Jensen na Hansen. Norwei ni Hansen, Johansen na Olsen. Faroe anaongoza Joensen. Uswidi, Johansson na Andersson hushindania kileleni. Yaani babu aliyeitwa Yohana, kwa umbo hili au lile, yuko mlangoni kwa mamilioni ya watu, na kila mmoja ana babu wake. Denmark ilipata kuwa na waziri mkuu aliyeitwa Hans Christian Hansen, 1955 hadi 1960, wakamfupisha kuwa H. C. Hansen, na nadhani walifanya vizuri.

Iceland ilikataa. Sheria ya mwaka 1925 ilizuia watu kujianzishia majina mapya ya ukoo, na mpaka leo Jónsson ni mwana wa Jón kweli, na Jónsdóttir ni binti wa Jón kweli. Rais aliyeondoka madarakani mwaka 2024, Guðni Th. Jóhannesson, baba yake aliitwa Jóhannes.

"Kila umbo lina maana yake."

Vijitabu husema Jens ni "mkarimu", Jussi ni "shujaa", Hannu "mwenye bahati". Ni maneno ya kujaza ukurasa. Maana ni ile moja ya Kiebrania, na wengi wanaolibeba jina hawaijui wala hawaiulizi. Walipewa kwa sababu babu aliitwa hivyo.

"Ni majina ya wazee, yamekufa."

Jon Fosse wa Norwei alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2023. Jo Nesbø anauza riwaya zake za upelelezi dunia nzima. Jens Stoltenberg aliongoza NATO kwa miaka kumi, akaondoka Oktoba 2024, na Februari 2025 akarudi Oslo kuwa waziri wa fedha katika serikali ya Jonas Gahr Støre. Anayeandika habari hiyo kwa Kiswahili asimfanye Jens kuwa Yohana, na asimfanye Jonas kuwa Yohana pia. Yule wa kwanza aandikwe Jens. Wa pili, kama ni lazima kutafuta asili, ni Yona.